Kwa nini reli ya Norway inaishia Bodø? Mstaafu wa reli naomba wajuzi mnisaidie

MzeeMataruma:
Wakuu habari zenu. Nimestaafu mwaka huu, kazi yangu ilikuwa reli, karakana ya Mbeya, na kijana wangu anayeishi Oslo akanitumia mwaliko akaniambia baba umezitengeneza treni maisha yako yote sasa njoo ukae dirishani. Nikaenda mwezi wa sita. Nimepanda ya Oslo mpaka Bergen, nikateremka na ile ya Flåm, nikarudi Oslo, nikapanda ya Trondheim, halafu nikaendelea kaskazini mpaka Bodø, na hapo Bodø ndo lilipo swali langu.

Reli inaishia pale. Kuna kizuizi cha mwisho wa njia, mbele yake mji na bahari, basi. Mtu akitaka kwenda Tromsø au Kirkenes anatafuta basi, meli au ndege, na ukifungua ramani unaona nchi bado inaendelea juu kipande kirefu sana.

Siulizi kwa kubeza, nauliza kwa sababu nimeona walichokifanya kule chini. Reli ya Bergen ilifunguliwa 1909, karibu kilomita 500, inapita nyanda za juu za Hardangervidda pasipo na hata mti mmoja, stesheni ya Finse iko mita 1,222 na mpaka leo huwezi kufika pale na gari, ni treni, miguu, baiskeli au ski. Nimepita mwezi wa sita na theluji bado imelala pembeni ya reli. Kuna sehemu njia imejengewa mapaa kabisa ili theluji isiifukie. Flåm ndo usiseme, kilomita 20 tu lakini inashuka toka mita 866 pale Myrdal mpaka usawa wa bahari, mita 1 kwa kila mita 18, na ni reli ya kawaida, haina reli ya meno katikati ya kuishikilia treni. Mahandaki 20, 18 kati ya hayo yalichimbwa kwa mikono. Treni ina kichwa mbele na kichwa nyuma, na mifumo ya breki mitano, kila mmoja unaweza kuisimamisha peke yake. Wenzangu walikuwa wanapiga picha maporomoko mimi nasikiliza breki tu, maana najua nini kinatokea zikigoma kwenye mteremko.

Sasa watu waliofanya hayo kwa sururu na baruti, leo wana pesa ya mafuta na mashine za kila aina, kwa nini reli haijafika Tromsø? Kijana wangu hajui. Kondakta nilimuuliza akacheka, akasema hilo swali watu wanabishania tangu enzi za babu yake. Wajuzi naomba.

Kipusa_Tanga:
Shikamoo mzee. Uzi mzuri lakini uzi bila picha haujakamilika, tuwekee hata moja ya Flåm. Naweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

NdeziMjanja:
Jibu rahisi mzee, hela. Norway ni EU na EU haitoi hela kujenga reli kwenye barafu ambako hakuna watu. Nimemaliza.

MamaBergen:
@NdeziMjanja Norway sio EU. Walipiga kura wakakataa 1972, wakapiga tena 1994 wakakataa tena. Wako Schengen ndo maana viza ni ileile ya Ulaya, lakini reli yao wanajenga kwa hela yao.

Mzee shikamoo, karibu sana Norway, bahati yako ulipita wakati njia iko wazi maana kiangazi huwa wanafunga vipande vya reli kwa matengenezo hasa kuzunguka Oslo, unaambiwa panda basi badala ya treni, na watu wengi wanaotoka nyumbani hawalijui hilo wanakata tiketi ya mwezi wa saba wakitegemea kukaa dirishani wanajikuta barabarani.

MzeeMataruma:
Marahaba wanangu. Picha anazo kijana kwenye simu yake, nitamwomba. @MamaBergen asante, nami niliona matangazo hayo.

InjiniaKimya:
Mzee wangu jibu liko kwenye ramani yenyewe, chukua ile yenye vipimo vya milima siyo ya kawaida. Kutoka Fauske kwenda Narvik kuna kitu kinaitwa Tysfjord, mkono wa bahari unaoingia ndani mpaka unakaribia kuikata nchi vipande viwili, toka mwisho wa maji mpaka mpaka wa Sweden ni kilomita 6.3 tu. Hata barabara kuu E6 haijaweza kupita pale, magari yanapanda kivuko toka Bognes mpaka Skarberget. Kama barabara kuu ya taifa inavuka kwa pantoni, treni utaipitisha wapi? Upande wa juu mlima, wa chini maji yenye kina kirefu, huwezi kuweka nguzo. Utachimba handaki baada ya handaki. Bergen ni juu kweli lakini ukishapanda kule juu kumetandaa. Kaskazini hakuna pa kutandaa.

KamauReli254:
Niko na swali tofauti kidogo. Mzee anasema Finse ni mita 1,222 na kuna theluji mwezi wa sita. Lakini stesheni ya Nairobi iko zaidi ya mita 1,600, na Timboroa kule Mau reli ilipita zaidi ya mita 2,700, hapo karibu na ikweta, na hakuna theluji hata siku moja. Kwa hivyo hao Wanorway wanajisifu juu ya mlima ambao hata haujafika Nairobi?

InjiniaKimya:
@KamauReli254 latitudo kaka. Finse iko nyuzi 60 kaskazini. Pale mita 1,222 miti imeshakoma kuota zamani, wewe Timboroa una mashamba ya viazi.

MzeeMataruma:
@KamauReli254 hata sisi Uyole, Mbeya, TAZARA inapita karibu mita 1,790, tumeipita Finse mbali. Ila nikuambie kama fundi, urefu wa mlima sio kazi, kazi ni theluji. Theluji ikishindiliwa kwenye mkato wa mlima inakuwa ngumu kama zege, na kule iliwalazimu kuwa na vichwa vya kusukuma theluji tangu mwanzo. Mwaka 1993 wakafungua handaki la Finse la kilomita 10 ili kukwepa kile kipande kilichokuwa kinawasumbua zaidi. Sisi adui yetu ni maji ya mvua kula tuta. Kila reli na adui wake.

KamauReli254:
Nimekubali mzee, heshima.

Mwanagenzi:
Naona @InjiniaKimya anasema jiografia, sikubaliani. Watu waliochimba Flåm kuanzia miaka ya 1920 mpaka treni ya kwanza ikashuka 1940 hawaogopi mlima. Tena msisahau Bergen ilijengwa kabla ya mafuta, mafuta yaligunduliwa Ekofisk 1969. Ile 1909 walikuwa nchi maskini, watu wao wanakimbilia Marekani kwa meli, na taifa lenyewe lilikuwa limetoka kujitenga na Sweden 1905. Walijenga kwa sababu walitaka, Oslo na Bergen miji miwili mikubwa ilikuwa inaunganishwa kwa meli kuzunguka pwani yote ya kusini, wakasema hapana tunataka njia yetu ya nchi kavu. Utashi. Tromsø hakuna utashi.

ProfMstaafu:
Mwanagenzi umesema vizuri ila utashi unafuata watu. Norway nzima ni milioni tano na nusu hivi, na wengi wako kusini. Bodø watu elfu hamsini na kitu, Tromsø elfu sabini na kitu, katikati vijiji vya wavuvi. Halafu kule bahari ndiyo barabara. Zile meli za pwani za Hurtigruten zimeanza 1893, zinatoka Bergen mpaka Kirkenes zikigusa bandari 34, na bahari haigandi kwa sababu ya mkondo wa maji ya joto unaotoka Atlantiki. Mtu ana meli inafika mlangoni kwake, ana ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vifupi, reli anaitaka ya nini? Serikali ikifanya hesabu ya gharama na faida kila mara inatoka hasara.

Mimi niliwahi kusoma Ås, chuo cha kilimo kusini kidogo ya Oslo, wengi wetu wa SUA, chuo cha kilimo Morogoro, tulipitia pale. Enzi hizo treni ya Ås ilikuwa inazunguka taratibu, sasa wametoboa handaki la Blix karibu kilomita 20 toka Oslo mpaka Ski, limefunguliwa Desemba 2022. Angalieni hela ilipoenda: kwa watu wanaokwenda kazini asubuhi, sio Tromsø.

MtuWaUvira:
Jambo baba MzeeMataruma. Mimi nakaa hapahapa Bodø, tulikuja na mpango wa wakimbizi, sisi Wakongomani tuko wengi huku kaskazini. Kama ningejua ulikuwa unakuja ningekupokea pale stesheni tule samaki, haki ya Mungu.

Mimi nasikia mnasema milima, mnasema hela, lakini hamjasema vita. Batu ba hapa wanakwambia ile reli ina damu. Treni ilifika Mosjøen 1940, mwaka uleule Wajerumani wameingia, Mo i Rana 1942. Hitler alitaka iende mpaka Kirkenes kabisa ili apeleke askari na apate madini bila kupita baharini maana baharini Waingereza walikuwa wanazamisha meli zake. Walioijenga ni mateka, Warusi na Wayugoslavia, kwa baridi hii ninayoijua mimi, na njaa. Mateka wa Kisovieti karibu laki moja waliletwa Norway nzima, zaidi ya elfu 13 walifia humu. Ukipita Saltfjellet, pale treni inapovuka mstari wa Aktiki, ulikuwa unapita mule mule walimokufa. Vita ilipoisha kazi ya kaskazini zaidi ikaachwa. Fauske treni imefika 1958, Bodø 1962, wakasema inatosha.

MzeeMataruma:
@MtuWaUvira hili hakuna aliyeniambia ndani ya treni. Tulipovuka ule mstari walitangaza kwenye spika, abiria wakainuka kupiga picha vile vinguzo vya mawe, mimi nikawa natazama mataruma na kokoto nikisema njia nzuri hii. Ningejua ningeitazama kwa heshima nyingine. Asante sana mwanangu.

BarazaniForodhani:
Assalaam aleykum. Mzee wangu umekwenda mwezi wa sita Bodø, nasikia jua halizami kule. Sasa Maghribi na Isha ulikuwa unasali vipi ndani ya treni?

MzeeMataruma:
Mimi ni Mlutheri sheikh, ila kulala ilikuwa kazi, saa sita usiku jua linakupiga usoni.

MtuWaUvira:
@BarazaniForodhani jirani zangu Wasomali wengine wanafuata saa za Makka, wengine wanafuata mji wa karibu ambao jua linazama. Wanabishana kila mwaka.

BarazaniForodhani:
Nami nimesikia kauli zote mbili kwa masheikh. Ahsante, tuendelee na reli.

NdeziMjanja:
Sawa EU niliambiwa. Lakini @MtuWaUvira kama Wajerumani walishaanza kujenga kaskazini, si wangemalizia tu? Tuta lipo, mahandaki yapo. Hata Reli ya Kati yetu Mjerumani alianza na wengine wakaendelea.

InjiniaKimya:
Tuta la vita haliwi tuta la reli ya kudumu. Limejengwa haraka, na watu wenye njaa, kwa mahitaji ya jeshi. Hata reli iliyojengwa vizuri miamba ile inaisumbua: Oktoba 2024 mawe yaliporomoka Finneidfjord, kusini ya Mo i Rana, treni ikaacha njia na mtu mmoja akafariki. Na kusini nako, Agosti 2023 mvua za dhoruba Hans ziliangusha daraja la Randklev pale Ringebu, reli ya Oslo Trondheim ikakatika mpaka Mei 2024. Kutunza walichonacho tu ni mzigo.

MzeeMataruma:
Hilo daraja jipya nimelipita, treni inakwenda taratibu, nikasimama kabisa kuliangalia. Kazi safi.

Kipusa_Tanga:
Mzee nyie mafundi mnaenda kutalii madaraja. Mama yangu naye anastaafu mwakani, mwalimu, anataka kusafiri lakini anaogopa gharama, kiinua mgongo chenyewe ana mpango wa kumalizia nyumba. Gharama ikoje, na njia gani ni bora kwa mtu wa umri wake akiwa na nafasi ya kupanda moja tu?

MzeeMataruma:
@Kipusa_Tanga nyumba kwanza mwanangu, amalizie. Mimi tiketi ya ndege na malazi ni kijana, mafao yangu hayajaguswa. Norway ghali, chai ndani ya behewa la mgahawa niliinywa kwa adabu. Tulibeba mkate na mayai. Njia moja tu? Bergen, hakuna mjadala, unapata mlima, theluji, maziwa na mji wa bahari kwa siku moja, ni karibu saa saba.

MamaBergen:
Nakubali Bergen ila naongezea: akate tiketi mapema, zikianza kuuzwa zinakuwa na bei ya chini na zinapanda kadri siku zinavyosogea. Punguzo la wazee kwenye treni za huku linaanza miaka 67, kwa hiyo mstaafu wa kwetu wa miaka 60 halipati, lakini pasi za treni za Ulaya nzima zina punguzo kuanzia 60, na mgeni anayeishi nje ya Ulaya ananunua ile ya Eurail sio Interrail. Viza aombe mapema, bima ya safari iwe ya euro elfu 30 kwenda juu.

Mwanagenzi:
Mimi napinga, apande Rauma. Toka Dombås mpaka Åndalsnes kilomita 114, imefunguliwa 1924, na mtu anaona ukuta wa Trollveggen umesimama wima, na lile daraja la mawe la Kylling juu ya mto. Fupi, haichoshi mgongo. Tena 1940 dhahabu ya benki kuu ya Norway ilitoroshwa kwa reli hiyo hiyo kwenda Åndalsnes ili Wajerumani wasiipate, karibu tani 50. Flåm watalii wengi mno siku hizi, meli kubwa zinamwaga watu.

MzeeMataruma:
@Mwanagenzi umenichoma, Rauma sikushuka, Dombås niliipita. Lakini kusema Flåm haifai kwa sababu ya watalii sikubali. Zile breki peke yake zinatosha nauli.

KamauReli254:
Kuna kitu mmesahau wote. Mnasema Bodø ndio mwisho wa reli Norway, sio kweli. Narvik iko kaskazini zaidi ya Bodø na iko na treni.

ProfMstaafu:
@KamauReli254 kweli kabisa, na hapo ndipo penye utamu. Narvik ina reli tangu mwanzo wa karne ya 20, mfalme Oscar II aliizindua rasmi 1903, ila haiunganiki na reli yoyote ya Norway kwa ndani. Inakwenda Sweden. Ilijengwa kutoa chuma cha Kiruna mpaka bandari isiyoganda. Kipande cha upande wa Norway ni kama kilomita 43 tu. Na mpaka leo mzigo wa Oslo kwenda kaskazini na samaki wa kaskazini kwenda Oslo unapita Sweden kwa treni hadi Narvik. Kwa hiyo wengine wanasema sababu ya kutojenga ni hiyo: njia ipo tayari, ya jirani, haina haja ya nyingine.

Mwanagenzi:
Basi hapo umeniunga mkono Prof. Jirani anawabebea mzigo, utashi utoke wapi?

InjiniaKimya:
Au umeniunga mkono mimi. Wamepita Sweden kwa sababu upande wa Sweden ni tambarare na upande wao haupitiki.

MtuWaUvira:
Kuna na Wasami, wenye nchi wa huku, wanafuga kulungu wa baridi. Treni inagonga hao wanyama kila msimu wa baridi kwenye hii reli yetu, maana wanatafuta njia isiyo na theluji wanasimama relini. Ile ya kutoka Rovaniemi Finland mpaka Kirkenes iliwahi kuzungumzwa, wafugaji wakaipinga kwa nguvu, na 2019 wataalamu wa nchi zote mbili wakasema haina faida. Mtu wa Oslo hata akiwa na hela, atapitisha reli kwenye malisho ya nani? Hapa kwetu Bodø ukitaja reli ya Tromsø mezani, watu watano wanatoa sababu sita.

KamauReli254:
Na tena Finland geji yao, yaani upana kati ya reli mbili, ni milimita 1,524, Norway ni 1,435 kama SGR zetu. Ungefika mpakani ubadilishe treni.

MzeeMataruma:
Geji hapo umegusa kazi yangu, TAZARA ni 1,067 na Reli ya Kati ya zamani ni mita 1, najua maumivu ya kuhamisha mzigo. Lakini bado wakuu, @InjiniaKimya, hebu nieleze: Tysfjord handaki la chini ya bahari kwa treni halichimbiki? Magari wameshawachimbia mengi.

InjiniaKimya:
Mzee magari yanapanda mwinuko mkali, treni ya mzigo haipandi. Ukienda chini sana ya fjord lazima uanze kushuka kilomita nyingi kabla.

MzeeMataruma:
Flåm inapanda 1 kwa 18.

InjiniaKimya:
Flåm inabeba watalii, haibebi tani elfu za samaki.

Mwanagenzi:
Weka vichwa viwili.

MtuWaUvira:
Baba, ukirudi usiishie Bodø. Panda basi la Narvik, linavuka na kivuko hapo Tysfjord ujionee mwenyewe hayo maji, halafu Narvik upande treni ya abiria kwenye ile reli ya chuma mpaka Kiruna. Nitakupokea.

MzeeMataruma:
Nimekubali, namwambia kijana leo. @InjiniaKimya mwinuko wa juu kabisa kwa treni ya mzigo ya vichwa viwili wewe unaweka ngapi?